Kanuni za magari walizotunga mashabiki kwa mchezo wa kijeshi: Damu ya Chuma, Milimita au Viti?

MrushaDadu

Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha wachezaji watano kinacheza mchezo wa kuigiza wa kijeshi wa mezani. Hadithi iko mwaka 1985: kikosi kidogo kimekatwa na wenzake nyuma ya mstari wa adui, kinatafuta njia ya kurudi. Kanuni za askari wa miguu hazina neno. Kasheshe huanza wahusika wanapoiba gari la deraya, na wataiba tu. Sijaona kikundi kilichoikuta BMP (gari la deraya la Kisovieti la kubebea askari) imeachwa milango wazi kikaipita.

Kitabu kimeyapa magari kurasa mbili. Nimekusanya kanuni tatu zilizotungwa na mashabiki, nikazijaribu zote kwa pambano moja: BMP-1 yenye wahusika wetu inakata kona, na mita 150 mbele kuna mtaro wenye maadui watatu, wawili na RPG-7 (bomba la begani la kurushia roketi), mmoja na bunduki ya rashasha.

Ya kwanza naiita Damu ya Chuma. Gari linahesabiwa kama mtu mwenye mwili mkubwa: pointi 60 za uhai, na kila pigo linakatwa 10 kabla ya kuingia. Tulimaliza kwa robo saa. Lakini gari lilibaki na pointi 3 na bado likawa linakimbia na kupiga mzinga kama limetoka kiwandani asubuhi ile. Pigo lililofuata, likazimika kama kibatari.

Ya pili ni Milimita. Kila upande wa gari una unene wake na kila silaha ina uwezo wake wa kutoboa. Unatupa dadu ya kulenga, unatupa ya sehemu iliyopigwa, unatupa ya kutoboa, unatupa jedwali la madhara. Kwangu mimi mpenda vifaru ni asali. Ila pambano lilelile lilikula saa moja na dakika kumi, na mmoja wetu akaanza kuchezea simu.

Ya tatu ni Viti. Haina unene wala pointi, ina madaraja matano tu ya silaha na matano ya deraya. Silaha ikiwa daraja la chini, ni kelele tu. Zikilingana, dadu inaamua. Ikiwa juu, unakwenda moja kwa moja kwenye madhara. Kila mchezaji anakalia kiti kimoja cha ndani ya gari, na kila raundi kila kiti kinafanya jambo moja. Nusu saa, na watu walisimama kwenye viti vyao halisi. Kinachonikera ni kwamba vifaru vya Kisovieti T-55 na T-72 vyote vimewekwa daraja la nne. Roho inaniuma.

Nichukue ipi?

Kanali Karatasi

Milimita, bila mjadala. Ukiondoa unene umeondoa sababu ya kuzunguka ubavuni, na kuzunguka ubavuni ndiyo mbinu yenyewe.

Chukua T-55. Bamba la mbele la mwili wake ni milimita 100, lakini limelazwa nyuzi 60. Kombora likija sawa na ardhi linalazimika kupita milimita 200 za chuma. Roketi ya kwanza kabisa ya RPG-7 hutoboa takribani milimita 260. Tofauti ni ndogo, hapo kuna mchezo. Ukiijia ubavuni, mchezo umeisha. Mchezaji anayejua hivyo atatambaa kwenye mtaro raundi tatu ili apate upande mzuri. Kwenye Damu ya Chuma atambae kwa faida gani? Pointi ni zilezile mbele na nyuma.

Na msisahau aina ya kombora. Risasi ya chuma inayotegemea kasi hupungua nguvu kadiri inavyosafiri. Roketi ya RPG hutoboa kwa mkondo mwembamba wa shaba unaosukumwa na mlipuko wake yenyewe, kwa hiyo mita 50 au mita 300 ni uwezo uleule, kinachopungua ni kulenga. Kanuni nyingi za mashabiki zinakosea hapa, zinampa mwenye RPG punguzo la kutoboa kwa sababu ya umbali.

BiKete

Kanali, mfano wako wa T-55 ni mzuri kwa sababu umeuchagua. Turudi kwenye pambano la mwenye mada. Ubavu wa BMP-1 ni milimita 16 hadi 18. RPG ni 260. Dadu ya kutoboa unaitupa ya nini? Na yule wa rashasha akipiga mbele ya gari, hapiti hata akeshe, basi yeye naye anatupa ya nini? Nimewahi kuandika kila pigo la mapambano sita kwenye daftari: dadu ya kutoboa ilibadilisha jibu mara chache mno. Muda wote mwingine tulikuwa tunatupa kwa adabu.

Ndiyo maana madaraja ya Viti hayanisumbui. Yanauliza swali mara moja: haipiti, labda, au inapita. Ubavu unashuka daraja moja, nyuma madaraja mawili. Mbinu yako ya kuzunguka imebaki palepale, Kanali, na hesabu imeondoka.

Ninachokipinga kwenye Viti ni nyongeza zake. Inatumia dadu mbili za pande sita, lengo ni 8 kwenda juu. Uwezekano ni 15 kwa 36, karibu asilimia 42. Nyongeza ya +1 inakupeleka asilimia 58, +2 inakupeleka 72. Sasa soma ukurasa wa nyongeza: kamanda akielekeza +1, gari limesimama +1, lengo limeshaonekana raundi iliyopita +1. Unafika +3 bila jasho, asilimia 83, na ustadi wa mhusika hata hujauhesabu. Ruhusu nyongeza moja iliyo kubwa na punguzo moja lililo kubwa, basi.

Mpakiaji

Mimi natumia Milimita na sikai saa nzima. Siri: dadu mbili za kulenga ziwe na rangi tofauti. Ukipata, ile nyekundu inasoma pia sehemu iliyopigwa. 1 mnyororo, 2 na 3 mwili, 4 injini, 5 mnara wa mzinga, 6 silaha yenyewe. Kutupa kumoja kumeondoka.

BiKete

Mpakiaji, huo ni mtego. Lengo likiwa 10 kwenda juu, michanganyiko inayopata ni sita tu: 4-6, 5-5, 5-6, 6-4, 6-5, 6-6. Hesabu dadu nyekundu: 4 mara moja, 5 mara mbili, 6 mara tatu. Kwa hiyo mtu anayepiga kwa taabu, mbali, kwenye moshi, nusu ya mapigo yake yanakwenda kwenye mdomo wa mzinga, na mnyororo hauguswi milele. Tupa dadu ya tatu pamoja na zile mbili. Muda ni uleule.

Mpakiaji

Duh. Mwaka mzima nashangaa kwa nini hakuna aliyewahi kukatiwa mnyororo mezani kwetu. Nimesalimu amri.

Koplo wa Mezani

Wakuu, nyote mnaongea kuhusu chuma. Mimi nawaletea kifuniko.

Jedwali la Viti ukurasa wa tatu lina mstari mmoja mdogo: vifuniko vikiwa vimefungwa, kila kutazama kunapata -3. Kamanda akitoa kichwa nje, punguzo linaondoka, lakini analengwa kama askari wa kawaida. Basi. Mstari huo mmoja umetupa michezo mingi kuliko majedwali yote.

Wiki mbili zilizopita: tuko ndani ya BTR, gari la deraya la magurudumu, mwanga unafifia, tunajua kuna mtu mwenye RPG kwenye miti. Mchezaji wa kiti cha kamanda ana mhusika mwenye jeraha la bega tayari. Dereva anauliza, "Nipige kushoto au kulia?" Kamanda hajui, haoni, ametupa dadu mara mbili kwenye kioo chake na kupata majani tu. Mpiga bunduki anasema, "Toa kichwa." Kimya. Akatoa kichwa. Akatupa 9, akamwona yule jamaa anainua bomba, mita 80, kulia. Akapiga kelele "Rudi nyuma!" na dereva akatupa dadu yake akiwa amesimama. Roketi ilipita mbele ya pua. Raundi iliyofuata rashasha iliyokuwa kwenye miti ikamkuta kamanda bado anachungulia.

Hapo hakuna aliyeuliza bamba lina milimita ngapi.

Upepo nao nauongezea mimi: roketi ya RPG-7 hugeukia upande upepo unakotoka, kwa sababu mapezi yake ya mkia ndiyo yanayosukumwa. Mpigaji asiye na ustadi anapata -2 siku ya upepo. Mwenye ustadi anajua kulenga kinyume na anavyofikiri mtu wa kawaida. Wachezaji wakijifunza hilo huanza kunusa hewa kabla ya kupiga, raha tupu.

Kanali Karatasi

Koplo, kisa kizuri, nakubali. Lakini kilio cha mwenye mada hakijajibiwa: T-55 na T-72 kuwa kitu kimoja. Na kwa kweli si unene unaozitofautisha mezani, ni kilicho ndani. T-72 ina watu watatu, haina mpakiaji, mashine inalisha mzinga kutoka kwenye gurudumu la makombora 22 chini ya miguu yao. Makombora mengine yamepangwa humohumo walimokaa. Likipenya pigo baya, mnara unaruka. Abrams, kifaru cha Marekani, ina watu wanne, mpakiaji ni binadamu, na makombora yake mengi yako nyuma ya mnara, nyuma ya mlango wa chuma, na bamba la juu limetengenezwa ling'oke ili moto utokee nje. Pigo lilelile, matokeo mawili tofauti kabisa. Jedwali moja la madhara kwa magari yote ndilo dhambi ya Viti, na ya Damu ya Chuma pia.

BiKete

Basi usiongeze majedwali. Kila gari lipewe kadi yenye mambo mawili ya kwake tu, yaandikwe kwa maneno. BMP-1: milango ya nyuma ni matangi ya mafuta, na kamanda hayuko kwenye mnara, amekaa nyuma ya dereva. T-72: gurudumu la makombora, na hakuna wa kupakia mashine ikikwama. M113, gari la Marekani la kubebea askari: mwili wa alumini, nafasi ya watu 11 nyuma. Msimamizi akipata 6 kwenye madhara, asome kadi.

Kanali anapata vifaru vyake, mimi napata kulala mapema.

Mpakiaji

Na mwendo? Kila kanuni inanichanganya. Askari anakimbia miraba minne ya ramani, gari linaruka nje ya meza.

Koplo wa Mezani

Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde. Raundi yako ikiwa sekunde 5, hizo ni mita 50. Usihesabu miraba. Tumia kanda nne: karibu kabisa, karibu, mbali, mbali sana. Gari linavuka kanda moja kwa raundi, mbili dereva akikubali kutupa dadu ya ajali. Ramani yenye miraba ibaki kwa wanaopigana majengoni.

Mafuta nayo yaandikwe. Tangi la Abrams hubeba karibu lita 1,900 na linakunywa kama halina mama. Kikosi kilichopotea kikiiba moja, tatizo lao si adui tena.

MrushaDadu

Nimerudi. Jana tumejaribu Viti pamoja na kadi za BiKete, nyongeza moja tu, vifuniko vya Koplo, ubavu kushuka daraja. Pambano lilelile la mtaro.

Dereva alikata kona vifuniko vimefungwa. Kamanda akakataa katakata kutoa kichwa (walisoma kisa cha Koplo, asanteni sana). Roketi ya kwanza ikapita juu. Dereva akaamua kugeuza akimbie, jambo lililoonekana la busara mpaka nilipoinua kadi na kusoma kwa sauti: milango ya nyuma ni matangi ya mafuta. Mtu mmoja akashika kichwa. Roketi ya pili, 10 juu ya meza, nyuma, madhara 6.

Walitoka watatu kati ya watano, nguo zinafuka moshi. Dakika 35, na hakuna aliyeshika simu. Kanali, T-72 nimeipa kadi, T-55 nimeipa yake, na daraja nimeliacha lilelile. Nimelala vizuri.

Limebaki moja. BMP-1 ina viti vitatu vya kazi, na sisi tuko watano. Wawili wa nyuma, pale wanapokaa askari wanane wamepeana migongo, walikuwa na matundu ya kupigia bunduki na -4 ya kulenga, basi. Mmoja wao ndiye aliyekufa wa kwanza, na alilalamika kwamba kazi yake yote usiku ule ilikuwa kusikiliza. Wawili hao niwape nini?

Koplo wa Mezani

Wape haki ya kufungua milango. Dereva asiwe na kauli juu ya hilo.

Mpakiaji

Ile yenye mafuta?

Koplo wa Mezani

Ndiyo hiyohiyo.