Tupeane uzoefu: mbio za milimani kwenye visiwa vya joto

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nimekimbia mbio za milimani kwenye visiwa vya ukanda wa joto mara nne. Mbili nilimaliza, mbili sikumaliza. Naomba tukusanye hapa yale yaliyotupata sisi wenyewe, kwa sababu miongozo mingi inayozunguka imeandikwa na watu wa nchi za baridi, na ukiifuata kama ilivyo unaweza kuumia.

Naanza na langu. Zilikuwa kilomita 42, tukaanza alfajiri ufukweni. Mlima haukunisumbua kabisa, nilimalizwa na saa mbili za mwanzo, kwenye tambarare na vilima vidogo ambako nilikwenda kwa kasi yangu ya siku zote. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imeshiba unyevu halikauki, linachuruzika mpaka viatuni. Maji na chumvi vinakutoka, na joto linabaki ndani. Kwenye kilomita ya 17, jua likiwa kali, nikaanza kusikia baridi na vinyweleo vikanisimama mikononi. Nikafurahi nikidhani mwili umepoa, nikaongeza mwendo. Kumbe ile ilikuwa dalili kwamba mwili umeshazidiwa na joto. Nilipoanza kuyumba, kijana mmoja wa kujitolea alinikalisha kivulini akanimwagia maji kichwani, shingoni na kwapani mpaka nikarudiwa na akili. Kituo cha kilomita 24 nilikifikia dakika 11 baada ya muda wake kufungwa, nikavuliwa namba ya mkimbiaji.

Safari iliyofuata nilitangulia kisiwani siku 12 kabla, nikawa natoka kila siku mchana, kidogo kidogo. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 kulizoea joto: majimaji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema, na chumvi inayopotea ndani yake inapungua. Asiyeweza kutangulia anaweza kukaa kwenye maji ya moto kila amalizapo mazoezi, kwa wiki mbili hivi. Hayafiki kiwango cha kulizoea joto lenyewe, lakini yanasaidia. Na saa mbili za kwanza nilikwenda taratibu kiasi kwamba naweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Watu wengi walinipita. Kuanzia katikati nikawa nawakuta mmoja mmoja.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni miguu. Wengi wanaogopa mapafu na mapaja, lakini kisiwani ngozi ya nyayo ndiyo inayotangulia kugoma. Unavuka vijito, mvua inanyesha, jasho linashuka, kwa hiyo mguu haukauki hata dakika moja. Baada ya saa kama 10 nyayo zangu zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, na kila nikikanyaga jiwe nahisi ngozi inateleza juu ya nyama. Sikuwa na lengelenge hata moja, ila nilishindwa kutembea kwenye sakafu laini siku tatu.

Sasa napaka mafuta mazito ya mgando nyayo nzima na katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi, na tena kila kituo kikubwa. Soksi kavu nazifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Nikifika kituoni navua viatu kwanza, nafuta miguu, naiacha ipigwe na upepo wakati nakula. Dakika 10 hizo zinauma ukiangalia saa, lakini mara zote nimezirudisha njiani. Viatu vya kuzuia maji sivipendi kwa kisiwani: maji yakishaingia kwa juu hayatoki tena.

Mchangiaji wa tatu

Dada yenu naomba msome hili polepole. Mimi karibu niuawe na maji, na simaanishi ya kuzama.

Niliambiwa joto ni kali, kunywa kila unapopata. Nikanywa, maji matupu, kila kituo mpaka tumbo linacheza. Saa ya tano vidole vikavimba, pete ikakaza, kichwa kikaanza kugonga, kichefuchefu juu. Kila niliyemweleza alinijibu vilevile: umepungukiwa maji, ongeza. Nikaongeza. Muuguzi wa kituo kimoja ndiye aliyeniuliza swali sahihi: umekunywa kiasi gani, na umekojoa lini? Akanipandisha kwenye mizani. Nilikuwa nimezidi uzito niliopimwa kabla ya kuanza! Mtu aliyekimbia saa tano juani anaongezekaje uzito? Ni maji yaliyojaa ndani wakati chumvi inatoka. Sodiamu ya damu ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita mambo huanza kuharibika, na ikishuka sana ubongo huvimba, mtu hupata degedege na anaweza kufa. Alinizuia maji kabisa, akanipa mchuzi wa chumvi nyingi, na sikuruhusiwa kuendelea.

Tangu hapo nakunywa kwa kiu, nakula vyenye chumvi, na naangalia pete yangu. Ikianza kubana, naweka chupa chini.

Mchangiaji wa nne

Mimi nitasimulia Diagonale des Fous, mbio za milimani za kisiwa cha Réunion kwenye Bahari ya Hindi, zinazokimbiwa kila Oktoba. Unaanza Saint-Pierre kusini, usiku, na unakwenda kumalizia kwenye uwanja wa La Redoute, Saint-Denis, kaskazini. Njia hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, lakini hesabu ni zaidi ya kilomita 160 na kupanda kwa jumla kama mita 10,000. Fimbo za kutembelea hairuhusiwi kushika, kwa hiyo uzito wote ni wa mapaja.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni baridi. Unaondoka pwani ukiwa na fulana iliyolowa jasho, na kabla ya jua la kwanza kuchomoza uko kwenye nyanda za juu karibu mita 2,000. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kama nyuzi 6, na ukiwa umelowa upepo unaongeza ubaya. Vidole vilishindwa kufungua zipu ya mkoba ambao ndani yake ndimo lilimokuwa koti. Tangu siku ile koti linakaa mfuko wa nje.

La pili ni kushuka. Kuingia Cilaos, mji ulio bondeni katikati ya milima, ni ngazi na magogo yaliyolowa, kimo kimoja hiki na kingine kile, huwezi kupata mdundo. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kupanda miezi mitano, kushuka karibu sifuri. Mapaja yakafa hapo, na bado kulikuwa na zaidi ya nusu ya safari.

Kisha unavuka Taïbit, njia ya juu kati ya milima, na kuingia Mafate. Ndugu zangu, Mafate ni bonde kubwa lenye watu na vijiji lakini halina barabara hata moja. Mizigo yao huletwa kwa helikopta. Usiku wa pili, nimekaa juu ya jiwe, niliamua kuacha. Nikamwambia mzee wa kujitolea pale kituoni. Akaniambia kwa upole: kama si mgonjwa, helikopta haiji, utatoka kwa miguu, na njia ya kutokea ni ukuta wa Maïdo, mlima mkali ulio ukingoni mwa bonde. Yaani ili niache nilipaswa kupanda kipande kilekile nilichokuwa nakiogopa. Nikalala dakika 40 sakafuni, nikala, nikaanza kupanda nikiwa na nia moja tu, ya kwenda kukabidhi namba juu. Kufika juu kumekucha, muda wa kituo ulikuwa haujafungwa, na miguu ilikuwa imeshazoea maumivu yake. Sikukabidhi.

Kipande nilichokichukia kuliko vyote kilikuwa mbele zaidi, Chemin des Anglais, njia ya zamani iliyotandazwa mawe makubwa ya volkano. Hakuna jiwe lililolala sawa na jirani yake, na jua linarudi usoni kutoka chini. Niliingia La Redoute Jumapili asubuhi. Tulianza Alhamisi.

Mchangiaji wa tano

Wakuu nimejiandikisha kilomita 30, mara yangu ya kwanza. Mwisho ni saa 2 usiku. Tochi ni lazima kweli, au ni ya kuonyesha tu kwenye ukaguzi?

Mleta mada

Ni lazima, mkuu, na betri ya akiba. Karibu na ikweta mchana na usiku hukaribiana kulingana mwaka mzima, na wakati wa magharibi, jua likishazama, ni mfupi mno. Ndani ya msitu unaona njia vizuri, kufumba na kufumbua huoni hata mizizi. Halafu asubuhi vilele huwa wazi, ila mchana mawingu hujikusanya mlimani. Ukiwa na ukungu na tochi ya kichwani, mwanga wote unakurudia machoni. Ishushe, ishike mkononi usawa wa kiuno.

Mchangiaji wa sita

Mimi sikimbii tena, magoti yamekataa. Natembea nyuma ya wa mwisho, nakusanya alama za njia na watu waliobaki nyuma. Nina ombi moja tu. Ukiacha mbio, hata kama una hasira, pita kituoni ukabidhi namba. Mwaka mmoja hesabu ilipungua mtu mmoja. Tulirudi watatu bondeni, mvua inanyesha, tunapiga filimbi na kuita jina kwenye kila kona yenye poromoko, saa tano nzima. Mwenzangu mmoja aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Tuliyekuwa tunamtafuta alikuwa ameshatokea kwenye njia ya gari, akapata lifti, akalala.

Mleta mada

Mzee wangu, pole sana, na huyo mwenzako pia. Nimeinakili hii naiweka juu kabisa ya mada ili kila anayefungua aanze nayo. Waliokimbia msimu wa mvua, hasa waliovuka mito iliyojaa, tunawasubiri.