Mwalimu wa sauti hataki niimbe kwa nguvu: je, niendelee naye?

Swali

Ndugu zangu waimbaji, naomba mnisaidie kufikiri. Kwa miezi 3 sasa nimekuwa nikienda kwa mwalimu wa sauti mara moja kwa wiki, na hadi leo hajaniruhusu kuimba wimbo mzima. Kipindi chote hupita tukipuliza mrija uliotumbukizwa kwenye glasi ya maji, tukitetemesha midomo, na kupanda noti 5 kwa sauti ndogo ambayo mtu aliye chumba cha pili hawezi kuisikia. Nilimwendea kwa sababu sauti yangu hukatika ninapopanda: chini ni nene na inaniridhisha, lakini nikikaribia noti ya A iliyo juu ya C ya katikati ya piano inapasuka, kisha inakuwa nyembamba kana kwamba si yangu. Nikiwa peke yangu huisukuma mpaka noti ile itoke, na mara nyingine hutoka kweli, ila kesho yake naamka sauti imekauka na nashinda nikikohoa ili kuisafisha. Wenzangu wa kwaya wanasema sauti hukomaa kwa kuimba kwa nguvu na kwamba napoteza muda wangu. Je, mazoezi haya yana maana?

Jibu la kwanza

Dada, mimi hufundisha sauti, na nadhani sehemu ya jibu umeiandika mwenyewe: noti inayotoka leo na kukuachia sauti iliyokauka kesho bado hujaipata.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ndani ya zoloto, ambayo kwa mwanamke mzima ina urefu wa takribani milimita 15. Unapoimba A hiyo unayoitaja, mikunjo hiyo hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde, yaani mara 26,400 ukiishikilia kwa dakika moja tu. Sasa fikiria kila mkutano ukiwa ni kishindo badala ya mguso. Katika sauti ya kifua, ile nene ya chini, nyuzi huwa fupi na nene. Katika sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu, misuli mingine huzivuta zikarefuka na kuwa nyembamba. Makundi hayo mawili ya misuli yanapaswa kupokezana kidogo kidogo, kama watu wawili wanaopokezana mzigo mzito, na makabidhiano hayo kwa wanawake wengi huanza mapema, karibu na E na F zilizo juu ya C ya katikati. Wewe unaubeba uzito wa kifua hadi A, misuli inashindwa, inauachia kwa ghafula, na hapo ndipo unaposikia sauti ikipasuka.

Mrija unasaidia kwa sababu unabana njia ya hewa mbele ya mdomo, hivyo shinikizo dogo hurudi nyuma na kuzuia nyuzi zisigongane kwa ukali huku zikiendelea kutetemeka. Ukivuma ndani yake kutoka noti ya chini hadi ya juu na mapovu yakaendelea kutoka kwa mfululizo bila kuruka, ujue pumzi yako imetulia. Yakikatika mahali pale pale kila mara, umekiona kwa macho kivuko chako, yaani mahali pa makabidhiano hayo. Mimi hupenda sana zoezi hili kwa sababu mwanafunzi hahitaji kuniamini, anayaona mapovu mwenyewe.

Jambo moja tu silikubali kwa mwalimu wako. Miezi 3 bila wimbo ni mingi. Mwombe ubeti mmoja, katika ufunguo ulioshushwa, mkiuimba kwanza wote kwa irabu ya *u*, kisha mrudishe maneno taratibu.

Jibu la pili

Naandika kama mtu aliyewasikiliza wenzake wa kwaya. Nilisukuma sauti kwa karibu mwaka mzima, nikisafisha koo kila baada ya sentensi mbili, na ilipokauka nikawa nanong'ona nikidhani ninaipumzisha, kumbe kwa kunong'ona kwangu nilikuwa nimelikaza koo kuliko ninapozungumza kwa upole. Daktari wa koo alipopitisha kamera alinionyesha vinundu viwili vinavyotazamana kwenye nyuzi za sauti, kimoja kila upande. Sikupasuliwa, nilifanya mazoezi na mtaalamu wa tiba ya usemi kwa miezi kadhaa, na mengi kati yake yalikuwa haya haya ya mrija.

Kwa hiyo, tafadhali, ukauke huo ukizidi wiki 3, nenda ukachunguzwe, wala usione haya: kati ya watu wa kwanza kuziona nyuzi za sauti zikifanya kazi ndani ya koo la mtu aliye hai ni Manuel García, mwalimu wa uimbaji, aliyejitazama mwenyewe kwa vioo mwaka 1854. Kunywa maji siku nzima, si dakika 5 kabla ya kuimba, kwa kuwa maji unayomeza hupita kwenye umio na hayazigusi nyuzi. Mvuke ndio unaozifikia moja kwa moja. Epuka pia peremende za kutia ganzi kabla ya kuimba, maana huficha maumivu ambayo ungepaswa kuyasikia.

Jibu la tatu

Mwulize mwalimu kila zoezi linalenga nini. Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa, na asiyeweza kueleza ndiye wa kumwacha.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Jana nilivuma ndani ya mrija nikiyatazama maji, na mapovu yalikatika mara 4 mfululizo kwenye F, mbali kabisa na pale nilipodhani tatizo lipo. Nimemweleza mwalimu, akakubali tuanze ubeti mmoja wiki ijayo. Kuhusu kukohoa, nimejaribu kumeza mate kila koo linapowasha, nami naona ni vigumu sana. Aliyefaulu kuiacha tabia hiyo alianzaje?

Jibu la pili

Nilibeba chupa ndogo ya maji na kumeza funda moja kila nilipotaka kukohoa. Wiki ya kwanza niliijaza mara nyingi mno. Kufikia ya nne nilikuwa naisahau nyumbani.