Nimepewa kazi ya video ya dakika 5, naomba ushauri nianze kupanga wapi kabla ya siku ya shuti

Fundi_Picha
Wakuu habarini za muda huu. Naombeni mawazo yenu maana kichwa kinazunguka. Kuna kituo kinafundisha vijana ushonaji, wameniomba niwatengenezee video ya dakika 5, waionyeshe kwa wafadhili halafu baadae waiweke mtandaoni. Harusi na bethdei nimezoea, kule unafuata shughuli inavyokwenda, ila hapa hakuna shughuli, inabidi mimi ndio nipange kila kitu. Nina kamera moja, simu nzuri kiasi, tripodi, maiki ya kubana kwenye nguo na kijana mmoja wa kunisaidia. Muda ni wiki tatu. Kinachonitesa, mwenyekiti anataka historia ya kituo iwemo, mkurugenzi anataka vijana waongee, mtu wa fedha anataka mashine mpya zionekane, na kila mmoja ananipigia simu kivyake. Nianze na skripti au niende tu nikapige nione kitakachopatikana? Na siku ngapi za shuti zinatosha? Nataka hii kazi itoke vizuri jamani, wale vijana wanajituma kweli.

MzeeWaFremu
Mkuu hongera. Kamera iache kwanza kwenye begi. Watu watatu wenye matakwa matatu hizo ni video tatu, dakika 5 hazibebi mzigo huo. Waombe wakae pamoja, nusu saa inatosha, uwaulize swali moja: mfadhili akimaliza kuangalia mnataka afanye nini? Wakisema "amlipie kijana ada" basi umeshajua video ni ya kijana, historia itaingia kwa sentensi mbili na mashine zitaonekana tu kijana akiwa anashona. Halafu wachague mtu MMOJA wa kuidhinisha, na muandikishane: urefu wa video, tarehe ya kukabidhi, marekebisho mara mbili, yakizidi hapo yanalipiwa. Kazi za taasisi zinakwama hapa kuliko mahali pengine popote.

Skripti_Mkononi
Mzee kamaliza. Mimi naongezea kwenye skripti. Iandike ndio, ila usije ukawakaririsha vijana, mtu aliyekariri anajulikana tu macho yanavyohama. Chukua karatasi igawe safu mbili, kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika, ukimaliza isome kwa sauti huku unaangalia saa, kwa mwendo wa mtu anayepiga stori na mwenzake. Dakika 5 ni sekunde 300, utashangaa zinavyoisha haraka.

Kwa vijana, ongea nao kwanza bila kurekodi ujue kila mmoja ana nini cha kusimulia, ndio uandike maswali. Swali liwe la kumfungua, mfano "nielezee siku ya kwanza ulivyokaa kwenye cherehani", ukimuuliza "unapenda ushonaji?" atakujibu ndiyo na mazungumzo yameishia hapo. Na umwambie mapema aingize swali ndani ya jibu maana sauti yako itakatwa. Ukiuliza alianza lini akajibu "mwaka juzi" huna cha kutumia, akisema "nilianza kushona mwaka juzi" hapo umepata klipu.

Sikio_Moja
Ndugu yangu hujagusia sauti kabisa na unaenda kupiga sehemu yenye vyerehani, mafeni na vijana kibao, nakuomba sana uende ukaangalie eneo kabla ya siku yenyewe, na uende saa ile ile utakayopiga, kwa sababu jua la asubuhi sio la mchana na kelele za asubuhi sio za mchana, simama katikati ya chumba ufumbe macho usikilize dakika nzima, utasikia vitu ambavyo macho yalikuwa yanakuficha. Mahojiano yafanyike chumba cha pembeni. Kuta tupu zinarudisha mwangwi, lakini wao vitambaa wanavyo vya kutosha, panga marobota nje ya fremu pande zote mbili yameze sauti.

Maiki ibane kifuani, kama kiganja kimoja chini ya kidevu, isiguse mkufu wala ukosi unaokwaruza. Rekodi kwa 48 kHz (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde, utaiona kwenye mipangilio), sauti ikipanda sana iishie kwenye -12 dB hivi kwenye kipimo cha sauti ubaki na nafasi mtu akicheka. Hedifoni sikioni muda wote, sio unapima mwanzo tu halafu unazivua. Mkimaliza kila chumba wote mnyamaze urekodi sekunde 30 za ukimya wa pale, utakapokata maneno kwenye kuediti utazibia mapengo. Na cherehani irekodi peke yake kwa karibu, ile sauti ndio kituo chenyewe.

Fundi_Picha
Asanteni sana wakuu, hili la kuwakalisha pamoja nalifanyia kazi kesho. Simu naitumiaje pamoja na kamera picha zisitofautiane? Na siku za shuti jamani, bado.

Jicho_Kali
Siku mbili. Ya kwanza mahojiano, ya pili picha za kazi, na usibadilishe huo mpangilio, kwa sababu mpaka uwasikie wamesema nini huwezi kujua ni picha gani zitafunika maneno yao.

Andika orodha ya picha zote, uzipange kwa chumba na mwanga, usifuate mtiririko wa hadithi. Picha za dirishani zote asubuhi, za ndani mchana, edita ndio atapanga hadithi. Na kila kitendo kipige vipande vipande. Mfano binti anapitisha uzi kwenye tundu la sindano: piga vidole tu, piga uso wake anavyokaza macho, piga toka begani kwake, piga chumba kizima yeye akiwa ndani yake. Kila picha ishike sekunde 10 bila kutikisika. Hapo unaweza kukata utakavyo, ila ukiwa na picha moja tu ya mbali umefungwa.

Simu na kamera ziweke zote fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kama umeme wa hapo ni wa 50 Hz taa hazitapepesa. Rangi ya mwanga (white balance) usiache kwenye oto, funga kwa mkono kote kuwili. Mkianza piga kofi moja mbele ya kamera zote, utaoanisha sauti kirahisi. Kingine piga hesabu ya memori kadi, ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde saa moja inakula karibu GB 45. Jioni kopi ziwe mbili kwenye vifaa viwili tofauti, kadi usiifute mpaka umefungua faili ukaona zinacheza.

Mama_Edita
Jicho_Kali nakubaliana na yote isipokuwa siku mbili. Tenga na ya tatu kwenye ratiba hata kama hutaitumia, mvua ikinyesha au umeme ukikatika utaenda wapi? Ratiba ianzie tarehe ya kukabidhi uhesabu kurudi nyuma. Wiki ya mwisho yote ni ya kuediti na marekebisho, kwa hiyo shuti iishe katikati ya wiki ya pili, na wiki ya kwanza ni kikao, kuangalia eneo, skripti na VIBALI. Kila atakayeonekana asaini karatasi ya ridhaa, aliye chini ya miaka 18 asaini mzazi au mlezi. Karatasi ziandaliwe kabla, siku ya shuti hutakuwa na muda wa kumtafuta mzazi wa mtu.

Muziki utafute wenye leseni inayoruhusu matumizi yako. Lile neno la mtaani kwamba sekunde chache hazina shida sio kweli, YouTube ina mfumo unaozitambua wenyewe na video ya wafadhili inaweza kuzuiwa. Kwenye kuediti panga maongezi kwanza mpaka hadithi ieleweke ukiwa umefumba macho, picha zije juu yake. Weka na maandishi ya maneno yanayosemwa chini, wengi mtandaoni wanaangalia bila sauti. Na kama wanataka ya kusimama kwa ajili ya simu waseme sasa hivi, ili umbo hilo la 9:16 liwe na nafasi yake wakati wa kupiga.

Fundi_Picha
Wakuu mrejesho. Wamekaa, wamekubaliana video iwe ya binti mmoja anayekaribia kumaliza mafunzo, wa kuidhinisha ni mkurugenzi. Eneo nimeshaliona, chumba cha pembeni kipo na dirisha zuri. Sasa binti ana stori nzito ila akiona kamera anakakamaa, sauti inakuwa ndogo kabisa.

Skripti_Mkononi
Mpe kazi ya mikono isiyo na kelele, kukata kitambaa au kutoa nyuzi za zamani kwenye nguo, aongee huku anafanya. Kamera isogee mbali kidogo utumie lenzi ndefu (inayovuta vitu vya mbali karibu), wewe kaa pembeni ya lenzi akuangalie wewe. Taa nyekundu ya kurekodi ifunike kwa plasta. Anza kurekodi wakati bado mnapiga stori za kawaida, usiseme "tunaanza", na viongozi wote watoke nje ya chumba, mkurugenzi akiwa wa kwanza.

Sikio_Moja
Mkasi ukikatiwa juu ya meza ngumu unagonga, tandika blanketi chini ya kitambaa.