Nimelipishwa shilingi 730,000 kwa giaboksi "iliyokufa" ambayo hakuna aliyeifungua

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Karakana moja ya hapa Pemba, ambayo jina lake nalihifadhi kwa sasa, ilinichukulia shilingi 650,000 za kuagizia giaboksi ya mashine yangu ya kukatia majani, ile ya kupanda na kuendesha kama trekta dogo, na juu yake ikanitoza shilingi 80,000 za "kufungua na kukagua". Giaboksi hiyo ni nzima. Jana jioni ndiyo iliyonipandisha mwinuko wa nyuma ya nyumba yangu.

Mashine yenyewe ni mtumba, niliyoletewa na binamu yangu anayeishi Uingereza ndani ya kontena la vyombo vya nyumbani. Ninaitumia kwenye uwanja wangu na kwenye kiwanja cha mpira cha kijiji, ambacho kabla ya hapo vijana walikuwa wakikifyeka kwa mafyekeo kutwa nzima. Wakati wa masika, majani yalipokuwa mazito na ardhi tepetepe, ilianza kupungua nguvu: penye tambarare ilikwenda, lakini ikifika kwenye mwinuko injini iliunguruma vile vile, visu vilizunguka vile vile, na magurudumu yakasimama. Pemba ni vilima na mabonde. Mashine isiyopanda mwinuko huku ni pambo.

Fundi mkuu aliisikiliza kwa muda usiozidi dakika tano, bila kuinama wala kuchungulia chini. Hakuniuliza kama inashindwa ikiwa baridi au ikishapata moto, ilhali hilo ndilo swali la mwanzo kwa yeyote anayezijua giaboksi za haidroliki kama hii yangu, ambazo huzungusha magurudumu kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, kwa kuwa pampu iliyolika hujikongoja vizuri mafuta yakiwa baridi na mazito, kisha hulegea kadiri mafuta yanavyopata moto na kuwa mepesi. Yangu ilikuwa ikishindwa tangu inapowashwa. Alichoniambia ni hiki: "Giaboksi imekufa, mzee, na hizi hazitengenezwi, hubadilishwa." Nikaamini, nikalipa, nikapewa risiti.

Wiki sita zikapita. Kila nilipopiga simu nilielezwa kwamba iko Dar es Salaam, mara imefika Unguja, mara boti ilijaa mizigo ikaachwa bandarini Malindi, huko huko Unguja. Mwisho nilikwenda kuichukua mashine yangu. Vijana wa karakana waliisukuma kwa mikono hadi kwenye pikapu, ikateleza kama baiskeli, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Nyumbani haikusogea hata shubiri moja. Iliondoka kwangu ikishindwa kilima, ikarudi ikishindwa sakafu ya saruji. Nikakaa chini na kitabu cha maelekezo, ambacho kilikuja na mashine ndani ya mfuko wa nailoni na ambacho fundi hakuwahi kukiomba. Kwa nyuma, karibu na giaboksi, kuna fimbo nyembamba ya chuma. Ukiivuta, mafuta ya ndani hupita njia ya pembeni bila kusukuma kitu, ili mashine iweze kusukumwa kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Ukiirudisha, magurudumu ya nyuma huwa mazito na hayasukumiki kirahisi. Waliivuta ili wapate wepesi wa kuisukuma, kisha wakaiacha hivyo hivyo. Kwa maneno mengine, nililipia ukaguzi, nikarudishiwa mashine yenye hitilafu ya pili ambayo ilizaliwa humo humo karakanani.

Nilipoirudisha fimbo, mashine ikatembea, na ule ugonjwa wa mwanzo ukajitokeza tena kwenye mwinuko. Nikazima injini, nikachomoa waya wa plagi, nikakinga magurudumu kwa mawe, kisha nikalitoa sanduku la visu ili niweze kuona chini. Sikuhitaji kuwa fundi ili kuelewa nilichokiona. Mkanda unaotoa nguvu kwenye puli ya injini na kuipeleka kwenye puli ya giaboksi ulikuwa umeng'aa ubavuni kama kiatu cha sikukuu, na upande wa ndani umejaa mipasuko. Puli ndogo ya kukazia, ambayo huvutwa na springi ili mkanda usilegee, ilikuwa haizunguki kabisa kwa sababu beringi yake imekamatwa na kutu. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua chumvi inavyokula chuma. Springi nayo ilikuwa imevutika hadi pete zake zimeachana. Mkanda wa namna hiyo unaweza kukusogeza penye tambarare, lakini mzigo ukizidi unateleza juu ya puli na magurudumu hayapati kitu.

Na giaboksi je? Boliti zake zote zilikuwa zimefunikwa na gamba la majani makavu, vumbi na grisi ya zamani, na rangi ya kiwandani iliyoziba mstari kati ya vichwa vya boliti na kasha haikukatika hata kwa moja. Nilipiga picha kabla sijagusa kitu. Naomba fundi huyo anieleze kwa spana gani aliifungua.

Sitaki mniokoe na aibu yangu mwenyewe. Mkanda wa kwanza nilioununua ulikuwa wa gari, wa shilingi 15,000, kwa sababu urefu ulilingana, na siku hiyo hiyo ukaanza kunuka mpira unaoungua. Mkanda wa mashine hizi una nyuzi ngumu zaidi na umevikwa kitambaa, kwa kuwa kila unapokanyaga na kuachia pedeli huwa unasuguana na puli, kazi ambayo mkanda wa feni ya gari haukutengenezewa. Upana pia una maana: wa nusu inchi ukiuweka kwenye puli ya mkanda wa inchi 5/8 huzama hadi chini ya mfereji, ilhali kinachoshika ni ubavu. Wala msiupime mkanda wa zamani, kwani umeshavutika. Chukueni namba ya spea iliyomo kitabuni. Wa sawasawa niliuagiza Unguja kwa shilingi 55,000, puli mpya yenye beringi ikawa 30,000 na springi 10,000. Pamoja na kosa langu, jumla ni shilingi 110,000.

Kuufunga kulinichukua asubuhi nzima, kwa sababu nilipitisha mkanda nje ya kishikio kimoja na ikanibidi nirudie, ingawa nilikuwa nimeshapiga picha ya njia yake. Nilikagua pia kile kipande cha chuma cha pembe nne kinachofunga gurudumu kwenye ekseli, maana kikikatika ekseli huzunguka peke yake, kilikuwa kizima. Mwisho, magurudumu ya nyuma yakiwa yameinuliwa na kuegemezwa imara, nilitoa hewa kwenye haidroliki kama kitabu kinavyoagiza: fimbo ikiwa imevutwa na injini ikienda polepole, pedeli mbele na nyuma mara kadhaa, kisha fimbo ikarudishwa na zoezi likarudiwa. Mpwa wangu ndiye aliyekaa kitini, kwa kuwa ukiachia breki bila mtu kukaa, injini hujizima.

Ninachodai ni shilingi 650,000 za giaboksi ambayo haikuletwa na ambayo sikuihitaji, pamoja na shilingi 80,000 za ukaguzi ambao rangi ya boliti inaukana. Risiti ninayo, na juu yake yameandikwa kwa mkono wao maneno "kufungua na kukagua giaboksi". Kama kuna mwengine hapa aliyepeleka mashine au jenereta kwa watu wa aina hii akaambiwa "imekufa" bila kufunguliwa, naomba aeleze alivyofanya hadi akarudishiwa fedha zake.

Juzi nilimpigia fundi mkuu nikamweleza kwamba mashine inafanya kazi na kwamba tatizo lilikuwa mkanda. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nisiwe na haraka, giaboksi yangu imeshapakiwa na iko njiani.