Tupeane uzoefu: Kumuuguza mwenza nyumbani baada ya upasuaji mkubwa

Baba Wawili wa Tegeta

Wakuu, salaam. Mke wangu alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukimtoa damu kila mwezi hadi anaongezewa. Upasuaji ulikwenda salama. Tuliporuhusiwa tukapewa karatasi, mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki, basi. Kinachofuata nyumbani hakuna anayekusimulia, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Naanza mimi.

Tatizo langu la kwanza halikuwa kidonda, lilikuwa wageni. Kwetu kumtazama mgonjwa ni wajibu, sibishani na hilo. Lakini mke wangu ni mtu wa kupokea watu. Akisikia hodi anainuka kutafuta soda, anaulizia kama wageni wamekula, anakaa wima kwenye kochi saa nzima huku anauma meno. Nikahamishia mapokezi kibarazani. Mgeni anakaribishwa na mimi, anapewa maji, anaambiwa mgonjwa amelala. Jioni akiwa na nguvu wanaingia wawili, wanampa pole, wanatoka. Dada yangu alininunia kwa hilo na bado ananinunia. Sawa tu.

La pili ni hii kauli ya "asibebe kitu kizito kwa wiki sita". Kila mtu akisikia kizito anawaza gunia. Jamani, ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Mtoto wa miaka miwili anakaribia kilo 12. Kusonga ugali wa watu sita kunakaza misuli ya tumbo yote. Kufua kwa mkono, kudeki umeinama, kuvuta godoro, vyote hivyo vimo humo. Mtoto akilia kutaka kubebwa, mama anakaa kwanza kisha mtu mwingine anampakata mtoto pembeni yake. Asimwinue.

Kutoka kitandani kuna namna yake: anageuka ubavu, anashusha miguu, ndipo anajisukuma kwa mkono. Na mto mdogo usikae mbali, wa kukumbatia tumboni akikohoa au akicheka. Sisi tulikuwa na jirani mmoja mchekeshaji, ilibidi tumwombe apunguze.

Lile jambo wanaume tunaloogopa kuuliza: niliuliza. Muuguzi akanijibu bila kucheka kwamba kuna mshono pia ndani, juu kabisa ukeni, kwa hiyo hakuna tendo la ndoa hadi apimwe kliniki, kwa kawaida baada ya hizo wiki sita. Nilimwambia mke wangu siku hiyo hiyo, maana kumbe yeye alikuwa anawaza nitachukuliaje.

Kilichomuumiza zaidi ni maneno. Shangazi mmoja alisema "basi tena, mwanamke amekwisha" akidhani haisikiki chumbani. Nilimsindikiza hadi kituoni na njiani nikamwambia asirudi hadi nimpigie. Sijampigia.

Haya, leteni yenu.

Bibi wa Nakuru

Asante kwa hii. Mzee wangu aligongwa na bodaboda, shingo ya mfupa wa paja ikavunjika, wakamwekea nyonga bandia. Kidonda kilipona vizuri. Vita yetu ilikuwa choo.

Daktari alisema nyonga isikunjwe kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu, asiketi chini. Sasa nyumba yetu ina choo cha shimo cha kuchuchumaa, na yeye maisha yake yote hukaa kwa kigoda akiongea na ng'ombe wake! Nilichukua kiti cha plastiki kile kigumu cha arusi, fundi wa jua kali akakata tundu katikati, akalainisha kingo kwa moto, akanitengenezea na fremu ya kukishikilia kisiteleze. Tukaeka juu ya shimo. Kigoda nikakificha kwa jirani. Usiku alilala na mto katikati ya magoti.

Alipewa pia sindano za kuzuia damu kuganda, za kudunga tumboni kila siku. Nilifundishwa wodini nikazidunga mwenyewe. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka, baadaye nikawa naongea na simu huku nikidunga.

Kuoga ndiyo alinikatalia kabisa. Miaka yote ya ndoa na bado anaona aibu mimi nimwoshe miguu! Kakaye alikuja akasaidia. Sikugombana naye. Kama kuna mtu mgonjwa anamkubali, mwite huyo.

Kijana wa Ifakara

Nafuatilia. Mke wangu anapasuliwa uvimbe kama wa mtoa mada mwezi ujao na sijui hata nianzie wapi.

Shemeji Mkimya

Sisi ni moyo. Mke wangu aliugua homa ya baridi yabisi utotoni bila kujulikana, vali (mlango wa kupitishia damu ndani ya moyo) ikaharibika, akabadilishiwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Wamemwekea vali ya chuma. Usiku nyumba ikitulia naisikia ikigonga tiki tiki. Wiki za mwanzo ilininyima usingizi, sasa isiposikika ndipo nashtuka.

Mfupa wa kifua wanaukata katikati na kuufunga kwa waya, nao huchukua miezi miwili hadi mitatu kuunga. Kwa hiyo asisukume mlango mzito, asivute ndoo, na wewe usimwinue kwa kumshika mikono au kwapa. Weka mkono mgongoni. Ndugu wote wanaokuja kusaidia wafundishe hili, kwa sababu kila mmoja atakimbilia kwapani.

Baada ya hapo ni warfarini, maisha yote. Hii dawa huzuia damu kuganda kwenye vali, na inafuatiliwa kwa kipimo cha damu kinaitwa INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Ikishuka, vali inaweza kuziba. Ikipanda sana, anatoka damu. Watu watakwambia asile mchicha kabisa, kwa kuwa mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa hii. Kliniki walitueleza vingine: ale, ila kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Siyo mwezi mzima hakuna mboga halafu kisamvu kije na matembele kila siku.

Tuliyokataza nyumbani ni diklofenaki na aspirini za kununua dukani bila daktari, na mitishamba. Mama mkwe alileta chupa ya mizizi kutoka kijijini, kwa upendo kabisa. Nilipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaiweka juu ya kabati. Alipoondoka aliniambia, "Baba, najua hutampa, ila nisingeweza kuja mikono mitupu." Tumeelewana sana tangu hapo.

Mlio vijana: mimba na warfarini haviendi hivi hivi, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ongeeni na daktari wa moyo kabla, si baada ya kukosa siku zake. Na akilia bila sababu baada ya upasuaji wa moyo msimwambie amshukuru Mungu amepona. Analia, mkae naye.

Mama Kijacho

Naombeni msaada, siyo mbali na mada. Nimejifungua kwa upasuaji, mume wangu na mama yake wanavutana. Mama anataka kunikanda maji ya moto tumboni, mume hataki. Nani yuko sahihi?

Nesi wa Zamani

Mwanangu, mumeo yuko sahihi. Kukanda tumbo lenye mshono kwa maji ya moto kunaunguza ngozi na kunaweza kufungua kidonda. Kuoga maji ya uvuguvugu hakuna shida kama wodini walikuruhusu kukilowesha, kisha kidonda kikaushwe kwa kukigusagusa na kitambaa safi. Usipake majivu, wala asali ya dukani, wala dawa ya meno. Bibi mpe kazi ya supu na kukanda miguu yake mwenyewe, amechoka huyo.

Wote mlio na mgonjwa nyumbani, msisubiri kliniki mkiona haya: homa, usaha au harufu, wekundu unaotanuka kuzunguka kidonda, mshono kuachia, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, kupumua kwa shida au kifua kubana ghafla, damu ya ukeni inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja. Usiku ule ule mnaondoka.

Na choo kigumu mnakidharau. Dawa kali za maumivu kama tramadoli na mofini hufunga choo, na mtu akikamua na mshono mpya anateseka. Maji, papai, uji, na kutembea kidogo kidogo uani. Kutembea huko kunasaidia pia damu isigande miguuni.

Mwana wa Ng'ambo, Unguja

Mimi si muuguzaji, mimi ndiye niliyeuguzwa. Nilikatwa utumbo mpana, nikatolewa choo kwa mfuko tumboni, miezi kadhaa kabla ya kurejeshewa. Nikaanza kula peke yangu chumbani kwa ajili ya harufu. Mke wangu hakusema kitu. Siku moja hakuleta sahani. Nikangoja, nikatoka, nikakuta sinia liko mkekani, wanangu wamekaa, pahala pangu pako wazi na kiti kimewekwa. Nikakaa.

Yeye ndiye aliyejifunza kukata tundu la mfuko lilingane na utumbo uliotokeza, maana likizidi ukubwa choo kinagusa ngozi na kuichubua. Mfuko tukiumwaga ukifika thuluthi, hatungoji ujae ukavutika na kubanduka. Maharage, kabichi na mayai tukipunguza siku ya kwenda harusini.

Nawaombeni kitu kimoja enyi waja wa Mungu: msituulize "unajisikiaje" kila saa. Tuulizeni mambo ya nyumbani. Bei ya samaki. Nani kashinda jana.

Baba Wawili wa Tegeta

Mwana wa Ng'ambo, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi pia shikamoo.

Kijana wa Ifakara, kabla ya siku yenyewe: mto mdogo wa tumbo, magauni mapana yasiyobana kiunoni, pedi, kitanda kisiwe cha chini sana, na mtu wa kupika aliyekubali kwa mdomo wake, siyo uliyemdhania. Maji yajazwe kwenye vidumu vidogo. Panga na ndugu mmoja akupokee zamu usiku, maana ukianguka wewe wanakuwa wagonjwa wawili. Siku ya kurudi kodi taksi, bajaji na matuta haviwezekani, na kanga iliyokunjwa ikae kati ya mkanda wa gari na tumbo. Namba ya wodi iandike ukutani, kwa sababu simu yako itaisha chaji siku hiyo hiyo.