Mrejesho: Kugawana chupa za kale zilizochimbwa shambani mwa mtu

Swali lilikuwa: mkichimba jalala la enzi za Malkia Victoria (karne ya 19) kwenye shamba la mtu Uingereza, chupa mgawane vipi? Ahsanteni sana mliojibu.

Kilichosaidia zaidi ni karatasi iliyosainiwa kabla ya kuchimba. Vilivyofukiwa ni mali ya mwenye ardhi, hivyo alichagua kwanza, kisha tukapokezana moja moja. Chupa zilioshwa kabla ya mgawo, kwa maji yasiyo moto wala baridi sana, maana kioo kilichokaa ardhini hupasuka joto likibadilika ghafla. Uchafu ukitoka, nyufa zote zinaonekana, hakuna wa kulalamika baadaye.

Kwa chupa ya Codd, ile ya soda yenye gololi shingoni, yetu ikiwa na mdomo wa buluu, tulifuata ushauri huu: mmoja anataja bei ya nusu, mwenzake anaamua kununua nusu ya mtaja bei au kumuuzia nusu yake kwa bei hiyo. Mwenye shamba alinunua, nami nikaridhika.

Kilichokwama: karatasi ilitaja chupa tu. Vifuniko vya kauri vya vikopo vya dawa ya meno alivichukua vyote, na ni haki yake. Andikeni "kila kitakachopatikana", hata vipande.