Brashi mpya ya kunyolea: mbona povu linakauka kabla sijamaliza shavu moja?

Mgeni wa Wembe
Habari zenu wanajukwaa. Nimeachana na povu la kopo, nikanunua brashi ya nywele za nguruwe na sabuni ngumu ya kunyolea ndevu. Huichovya brashi katika maji ya moto, nikaizungusha kidogo juu ya sabuni, kisha nikakoroga katika bakuli. Povu hujaa vizuri bakulini, lakini nikishalipaka usoni linakuwa jepesi, lenye viputo vikubwa, na kabla sijahamia shavu la pili limekwisha kukauka na wembe unakwaruza. Nikipunguza maji, napata rojo linalonata na kuziba wembe. Je, kasoro iko kwenye brashi, kwenye sabuni, au ni mkono wangu haujazoea? Aidha, brashi ina harufu ya mnyama na imepukutisha nywele kadhaa. Nimeuziwa kitu kibovu?

Kinyozi Mkongwe
Ndugu, kwa maelezo yako ninaona sabuni ni kidogo na maji yanaingia yote kwa mkupuo. Bakuli lililojaa lisikudanganye, kwa kuwa hata sabuni haba ikipigwa na maji mengi hufura, ila kinachofura hapo ni hewa.

Ikung'ute brashi mpaka iache kudondosha maji, halafu izungushe juu ya sabuni kwa nusu dakika hadi dakika nzima, bila kuikandamiza. Mwanzoni utaona viputo vyepesi, usiishie hapo. Endelea mpaka vipotee na pabaki rojo zito lililoshika katikati ya nywele na si kwenye ncha peke yake. Ndipo uhamie bakulini, na kuanzia hapo maji yaongezwe kwa matone: chovya ncha tu, koroga kwa muda, tazama, kisha chovya tena. Povu lisilo na mng'ao, linalosimama wima likiinuliwa kwa brashi, bado lina kiu. Likianza kung'aa, viputo visionekane kwa macho, na ukilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada vidole vikateleza bila kukwama, limeiva. Likitiririka, umepitiliza, rudi kwenye sabuni uongeze kidogo, halina haja ya kumwagwa.

Nywele Ngumu
Naafikiana na Kinyozi Mkongwe, ila brashi nayo ina sehemu yake. Nywele za nguruwe hunyonya maji, kwa hiyo zikiwa kavu ndani zitayafyonza yale yale uliyokusudia yaingie kwenye povu. Iloweke kwa dakika chache wakati unanawa uso, katika maji ya uvuguvugu, si yanayochemka, kwa maana joto kali hudhoofisha nywele na gundi inayozishikilia kwenye mpini.

Brashi mpya ya aina hii hula povu, na hilo si ubovu. Kadiri inavyotumika, ncha za nywele hupasuka na kuwa laini, nayo ikaanza kuliachia povu kwa urahisi. Ukitaka kuharakisha, tengeneza povu kiganjani hata siku ambazo hunyoi, kisha uisuuze. Harufu itafifia kwa mwendo huo huo, na nywele chache kupukutika mwanzoni ni jambo la kawaida. Zikiendelea kutoka kwa wingi baada ya wiki kadhaa, hapo gundi ndiyo ya kulaumiwa na una haki ya kuirudisha. Tahadhari moja: ukisoma maelekezo ya brashi za nyuzi za viwandani, usiyafuate kwa hii yako, kwani nyuzi hizo hazinyonyi maji na hazihitaji kulowekwa.

Tone kwa Tone
Hakuna aliyeuliza kuhusu maji yenyewe. Maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, huungana na sabuni na kufanya utando mweupe usioyeyuka, na sabuni iliyopotelea huko haifanyi povu. Jaribu mara moja kwa maji ya mvua, kwa sabuni ile ile na brashi ile ile. Povu likitulia, umempata mchawi, na utalazimika kuchukua sabuni nyingi zaidi kila unapotumia maji ya bomba. Kuyachemsha huondoa sehemu tu ya ugumu huo.

Mimi, kwa upande wangu, ningeliacha bakuli kabisa. Povu linalojengwa usoni halina muda wa kupoa, na ngozi inakuambia papo hapo kama limekauka.

Kinyozi Mkongwe
Kuhusu maji nakubali. Kuhusu bakuli, hapana: anayejifunza anahitaji kuliona povu linavyobadilika, na chini ya kidevu chake mwenyewe haoni kitu. Akishalijua, atachagua mwenyewe.

Mgeni wa Wembe
Nawashukuru nyote. Nimeloweka, nikakaa kwenye sabuni hadi rojo likawa zito, nikaongeza maji kidogo kidogo, na povu limedumu mashavu yote mawili. Shingoni bado lilikuwa kavu. Maji ya mvua nitayajaribu yakipatikana. Je, baada ya kunyoa brashi ilazwe au isimamishwe?

Nywele Ngumu
Isuuze mpaka maji yatoke safi bila povu, ikung'ute, uipanguse kwa taulo, kisha isimamishe au uining'inize mahali penye hewa. Usiifungie kabatini ingali mbichi, itaota ukungu. Kwa shingo, rudisha ncha za brashi kwenye maji mara moja kabla ya kupaka huko.